Mifuko Isiyopumua

Dodoma haikuwa na maji ya kuwatosha watu, seuze ya kuoshea moshi. Ndiyo maana Bwana Miwani, mhandisi wa Kijerumani aliyejenga tanuri la kuyeyushia chuma upande wa Mkonze katika mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza, aliamua kwamba moshi wake hatausafisha kwa maji, kama wenzake walivyofanya huko Ulaya, bali atauchuja kwa nguo. Na ndiyo maana Ruthu, mke wa Matonya, mama wa watoto wanne, mkulima wa uwele tangu alipoweza kushika jembe, alijikuta akishona mifuko mirefu kuliko mtu mzima ili ivalishwe kwenye midomo ya bomba.

Hakuiomba kazi hiyo. Jumbe alitakiwa atoe wanaume ishirini wa kulilisha tanuri, na Matonya akawa mmoja wao. Kisha wakatakiwa wanawake sita wanaojua sindano. Na sindano Ruthu alijifunza kwa wamisionari wa Kiingereza, pamoja na kusoma na kuandika, kabla wamisionari hao hawajakamatwa kwa sababu ya vita. Jina lake likaandikwa. Hakuulizwa kama shamba lake limekwisha kupaliliwa.

Tanuri lilikuwa kama chungu kikubwa cha matofali kilichofunikwa. Juu yake palikuwa na kifuniko cha chuma, na katikati ya kifuniko kidirisha cha kutilia mkaa na mawe ya chuma. Moshi haukuachwa upae na kupotea. Mashine yenye mapanga iliuvuta pembeni, ukapita katika bomba refu lililopindapinda ili upoe, ukaingia katika mifuko kumi na miwili iliyoning'inizwa ndani ya banda. Mifuko ilizuia masizi na vumbi. Kilichopenya kitambaa kilikuwa hewa isiyo na rangi, nayo ilipelekwa chini ya boila ikawaka kwa moto wa buluu. Boila likatoa mvuke, mvuke ukazungusha mashine, mashine ikavuta moshi tena. Bwana Miwani alikuwa akisimama mbele ya moto ule wa buluu mikono nyuma, kama mtu anayemtazama mwanawe akitembea kwa mara ya kwanza.

Tatizo lilikuwa nguo. Meli za kuleta nguo ya amerikani zilikuwa hazifiki tena, na kilichopatikana ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, kizito, lakini chepesi kuchanika. Kila siku ya tatu mifuko iliteremshwa, ikakung'utwa, ikapigwa kwa fimbo mpaka vumbi litoke, na kila ilipopigwa, mmoja au miwili ilifumuka. Sheria ya Wajerumani ilikataza mwanamke kuchapwa kiboko, na Bwana Miwani alikuwa mtu wa kufuata sheria. Kwa hiyo mfuko ukichanika, aliyelazwa kifudifudi alikuwa mume wa mwanamke aliyeushona. Viboko vitano kwa kila mpasuko. Wanawake sita walikaa kivulini mwa banda wakishona, na kila mshono mbaya walikuja kuuona jioni mgongoni mwa mtu.

Ruthu hakuweza kulivumilia jambo hilo, na hapo ndipo alipoingia kwenye kosa lake.

Alikumbuka nguo ya mama yake. Nguo iliyotakiwa kudumu, kwao, ililowekwa mafuta ya mbarika na udongo mwekundu. Ilivaliwa porini kwenye miiba, ikalaliwa, ikabebewa watoto, na haikuchanika. Udongo mwekundu aliuacha. Mafuta aliyakamua mwenyewe, akawaomba wenzake nao wakamue, na wanawake wote sita wakaipaka mifuko kumi na miwili ndani na nje, wakaikanda kama unga mpaka ikalainika.

"Mama Sila," alisema Priska, jirani yake, akinusa viganja vyake, "Bwana Miwani akinusa haya atadhani tumempikia mboga."

"Na anuse. Asimpige mume wangu tu."

Mifuko haikuchanika siku ya tatu, wala ya sita, wala mwezi mzima. Si hivyo tu: upande wake wa nje, uliokuwa ukigeuka kijivu kwa vumbi laini lililopenya, sasa ulibaki safi kama siku uliposhonwa. Bwana Miwani aliupitisha kidole, akakitazama kidole, akacheka peke yake. Alitaka kujua ni nani aliyebuni. Halfani, mnyapara aliyetoka pwani, mwenye kanzu nyeupe ambayo haikuwahi kuona masizi, alipiga hatua moja mbele. Akapewa saa ya mfukoni yenye mnyororo. Ruthu aliona, akarudi kwenye sindano yake. Migongo ilikuwa imepona, na saa haikumhusu.

Matonya alikuwa mmoja wa wanaume wanne waliofanya kazi juu ya kifuniko. Walifungua kidirisha, wakamwaga mkaa kwa beleshi, wakakifunga. Mwezi ule wa mafuta alianza kurudi nyumbani akishika paji la uso.

"Leo tanuri limenigeuka," alimwambia mkewe. "Nimeona mabeleshi mawili, nami ninalo moja."

"Ulikunywa?"

"Ninywe nini? Pombe si unaipika wewe? Umeipika?"

Alikula matonge mawili ya ugali akatapika. Alfajiri alikuwa mzima, akaenda kazini akipiga mluzi. Jioni kichwa kikarudi. Ikawa hivyo wiki tatu. Miguu yake ilikuwa ikilegea kabla ya jua kufika utosini, na mtu aliyekuwa akikumbuka majina ya ng'ombe wa babu yake wote sasa alisahau jina la mtoto wake wa tatu akiwa amemwita nusu.

Kisha Elieza, aliyefanya kazi bega kwa bega na Matonya, aliketi juu ya kifuniko apumzike kidogo, na hakuinuka. Walimteremsha akiwa amekwisha kufa. Hakuwa na jeraha. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya mtoto aliyetoka kucheza. Bwana Miwani alisema ni pombe. Halfani akatafsiri, ingawa Bwana alikuwa amesema kwa Kiswahili, kwamba ni pombe, na kwamba watu wa bara hawajui kiasi. Na kwa kuwa moto wa buluu chini ya boila ulikuwa umepungua siku hizo, amri ikatoka: walio juu ya kifuniko ni wavivu, walilishe tanuri kwa haraka zaidi, wasishuke mpaka saa sita.

Ruthu alirudi kwenye mifuko yake akiwa na neno moja kichwani, nalo lilikuwa hesabu ya watu: walikuwa wanne, sasa ni watatu.

Siku mbili baadaye alitumwa sindano nene nyuma ya karakana. Huko alikaa Mbwana, mhunzi mzee wa Kirangi kutoka Busi. Bwana Miwani alikuwa amemleta kwa sababu alijua mawe ya chuma yalipo. Alipokwisha kuyaonyesha, aliwekwa huko atengeneze mivukuto ya wahunzi. Alikuwa amekunjua ngozi ya mbuzi magotini, akiipaka mafuta.

"Mbukwa, Mzee Mbwana."

"Mbukwa, mwanangu. Waosha moshi hamjambo?"

"Hatujambo. Mafuta gani hayo?"

"Mbarika. Si ndiyo mnayopaka ninyi? Harufu yake inafika mpaka stesheni."

"Unapaka isipasuke."

"Kupasuka ni jambo la baadaye," Mbwana alisema. "Ngozi kavu ina matundu usiyoyaona. Ukiifinya, upepo unakutoroka. Ukiipaka mafuta inafumba. Mvukuto unaopumua hauna kazi, mwanangu; ni kofia."

Ruthu alisimama pale na mkono wake umenyooshwa kupokea sindano, na sindano asiipokee.

"Mzee Mbwana. Na mfuko wa moshi je?"

Mzee akaacha kupaka. Akatazama tanuri.

"Kwetu tanuri tunaliachia mdomo wazi," alisema taratibu, "na anayelilisha hukaa upande unaotoka upepo. Kile kinachotoka mle hakina rangi wala harufu. Kinambembeleza mtu alale."

"Mbona hukumwambia Bwana?"

"Aliniuliza mawe yalipo. Nikamwonyesha. Hakuniuliza jingine."

Ruthu alitembea mpaka bandani pasipo kuona alipokanyaga. Alivuta pindo la mfuko mmoja, akaweka mdomo juu ya kitambaa, akapuliza. Akapuliza tena mpaka masikio yakamvuma. Pumzi yake ilirudi kinywani. Akachukua kipande cha kitambaa kisichopakwa, akapuliza, na upande wa pili kiganja chake kikahisi upepo.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Moshi haukuwa na pa kupenyea. Mashine ilivuta, mifuko ikakataa, na kilichokosa njia pembeni kilirudi juu, kikatokea ukingoni mwa kidirisha, usoni mwa Matonya. Nje ya mfuko palikuwa safi kwa sababu hapakuwa na kitu kilichofika nje. Na aliyeifumba mifuko hiyo alikuwa yeye, kwa mikono yake, ili mumewe asipigwe.

Asubuhi alimfungia Matonya makapi ya uwele katika jani. "Ukifika juu, fungua kidirisha kidogo, nyunyiza haya ukingoni. Utazame yanakwenda wapi."

"Sasa nilipepetee tanuri?"

"Baba Sila, fanya."

Alirudi mchana, kijivu usoni. "Yameruka juu. Yamenipiga machoni. Zamani, ukifungua kidirisha, hata kofia ilitaka kuvutwa ndani."

Ruthu alimwendea Halfani. Alimwamkia shikamoo, ingawa walilingana umri, kwa kuwa bila hiyo hakuna neno lililosikika. Alimweleza yote kwa mpangilio, pamoja na kosa lake. Hakuomba mengi: siku moja tanuri lipoe, magadi kutoka Bahi, na maji ya moto ya kuichemshia mifuko mpaka mafuta yatoke.

"Debe ngapi za maji?"

"Arobaini, labda."

"Arobaini!" Halfani aligeukia wanaume waliokuwa karibu. "Farasi wa Bwana anaoga kwa mbili, na huyu anataka arobaini za kufulia." Kisha akasogea, sauti ikashuka. "Sikiliza, Mama Sila. Mafuta yale ni yangu. Bwana ameyaandika kwa jina langu mpaka Dar es Salaam. Leo uniambie mafuta yanaua? Aliyemuua Elieza ni mimi, basi?"

"Ni mimi. Nimekwambia ni mimi."

"Wewe hukuandikwa popote," Halfani alisema, akafungua saa yake, akaitazama, akaifunga.

Ruthu alirarua ukurasa mweupe wa mwisho wa kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akaandika barua. Aliandika mara moja, kwa herufi zilizosimama wima, akaeleza mafuta, ngozi ya mvukuto, makapi ya uwele na kifo cha Elieza. Akaipeleka mwenyewe, na mfuko mmoja begani.

Bwana Miwani aliisoma hadi mwisho. Kwa hilo Ruthu alimpa haki yake daima: aliisoma.

"Nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, Bwana."

"Mwalimu gani? Yotham?" Yotham alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na walimu wa misheni siku zile walikuwa wakikamatwa mmoja mmoja kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza.

"Mwalimu Yotham hajui habari za mifuko, Bwana. Nipe kalamu, niandike tena mbele yako."

"Waingereza wangependa tanuri langu lisimame."

"Bwana, yaache ya Waingereza. Mfuko huu hapa. Weka mdomo wako upulize. Kama pumzi yako itapita, nifunge."

Akamnyooshea kitambaa. Ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye kitambaa mpaka kwenye mdomo wa yule mtu. Bwana Miwani alirudi nyuma, na nyuma yake Halfani akapasuka kicheko.

"Anamwambia Bwana abusu gunia!"

Makarani wakacheka. Askari mlangoni akacheka. Hata Bwana Miwani akatabasamu, akavua miwani yake akaipangusa, akasema nje ya mfuko ni safi, na nje ikiwa safi gesi ni safi, na barua nyingine kama hii itakwenda bomani pamoja na aliyeiandika na aliyemfundisha. Ruthu alitoka na mfuko wake begani. Uso ulikuwa ukimwaka. Mtu mwenye vyuma vya kupimia joto, vya kupimia mvuke, vya kupimia kila kitu chini ya mbingu, ameshindwa kupuliza.

Jioni ile Matonya hakupanda kilima cha nyumbani kwa miguu yake. Aliletwa amebebwa na wenzake wawili. Alimwita Ruthu kwa jina la dada yake aliyekufa. Kulipokucha, akili ikamrudia kidogo, akatafuta fimbo yake aende kazini, kwa sababu asiyekwenda alifuatwa na askari.

"Usiende juu leo kabla sijatundika mifuko," Ruthu alimwambia.

"Utafanya nini?"

"Nitashona."

Ilikuwa siku ya tatu, siku ya kukung'uta. Wanawake waliipiga mifuko, wakaikagua, wakaanza kuirudisha kwenye midomo ya bomba. Ruthu alitoa chini ya khanga kisu kifupi cha kukatia masuke. Priska aliona.

"Mama Sila, watamchapa Matonya."

"Watamchapa. Mtu aliyechapwa anapona. Elieza amepona?"

Priska alitazama mlangoni, kisha akashika mdomo wa mfuko wa kwanza akaukaza ili kisu kipite vizuri. Ruthu alipasua karibu na pindo la chini, upana wa viganja viwili. Akapasua wa pili. Alipofika wa tano alikuwa akikata kwa hasira ya kufanya kwa kisu kazi ambayo ingefanywa na debe arobaini za maji na mtu mmoja mwenye masikio. Alimaliza yote kumi na miwili.

Mashine ikazungushwa. Juu ya kifuniko Matonya alifungua kidirisha, akanyunyiza makapi yaliyobaki katika jani. Yalisita kidogo hewani, kisha yakazama yote mara moja, kama yaliyoitwa kwa jina.

"Linavuta!" alipiga kelele. "Mama Sila, linavuta! Karibu linichukue na kofia!"

Lilivuta mpaka adhuhuri. Masizi yasiyo na kizuizi yalikimbilia chini ya boila, moto wa buluu ukawa wa manjano, kisha mweusi, na bomba la boila likatapika wingu lililoanguka juu ya stesheni, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kanzu ya Halfani. Mvuke ukafa. Mashine ikasimama. Bwana Miwani aliingia bandani akikimbia, akaona mipasuko iliyolingana, yote mahali pamoja, akajua si kuchanika.

Ruthu alijitokeza kabla hajaulizwa. Alieleza kwa mara ya tatu. Aliulizwa ni nani aliyemtuma. Akasema hakutumwa. Aliulizwa Waingereza walimwahidi nini. Akasema, "Bwana, mume wangu alikuwa akifa juu ya kifuniko chako," na karani aliyekuwa akiandika hakuandika sentensi hiyo, kwa kuwa haikujibu swali.

"Mume wake ni yupi?" Bwana Miwani aliuliza.

Hamsa ishirini. Si vitano. Sheria ni sheria, mwanamke hapigwi. Matonya alilazwa kifudifudi mbele ya watu wote, naye Ruthu alilazimishwa kusimama karibu ahesabu kwa sauti. Alihesabu. Alihesabu kwa sauti safi, bila kuruka hata moja, akimtazama yule mwenye miwani na si yule mwenye kiboko, mpaka ishirini na tano. Kisha majina yao yote mawili yakafutwa, na wakaambiwa wasionekane tena karibu na tanuri.

Priska alimsimulia baadaye yaliyofuata. Kitambaa kingine hakikupatikana, tanuri likapoa, na katika ripoti yake Bwana Miwani aliandika kwamba nguo za nchi hii hazifai kuchujia gesi, na kwamba watu wake hawana akili ya mashine. Kuhusu mafuta hakuandika lolote. Halfani alibaki na saa.

Lakini siku ile, wakiwa njiani, walikwenda polepole sana. Matonya hakuweza kukaa wala kuegemea, kwa hiyo kila walipopumzika alisimama ameshika fimbo kwa mikono miwili. Ruthu hakulia. Alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya chini, maneno yaleyale aliyoyaandika kwenye barua, akiyapanga upya, kana kwamba ameyakosea mpangilio tu, na yakipangwa vizuri yatasikika.

"Unasali?" Matonya aliuliza.

"Ninagomba."

"Na nani? Barabara nzima tupo wawili."

Ruthu akachomoa kiunoni kipande cha kitambaa alichokikata kwenye mfuko wa mwisho, chenye mafuta, cheusi upande mmoja na safi upande wa pili. Akakiweka mbele ya uso wa mumewe.

"Puliza."

"Nipulize nini, mwanamke, na mgongo huu?"

"Puliza, Baba Sila. Hakuna mtu hata mmoja aliyekubali kupuliza."

Matonya alimwangalia, akaacha mzaha. Akaegemeza fimbo begani, akashika kitambaa kwa mikono miwili, akakibana mdomoni. Akavuta pumzi ndefu, jasho likimtoka kwa maumivu ya mgongo uliotanuka, akapuliza mpaka mashavu yakavimba na mishipa ikasimama shingoni. Ruthu aliweka kiganja upande wa pili, akangoja.

"Haipiti," alisema Matonya alipokitoa, akihema. Akakigeuza, akakitazama kwa makini pande zote mbili. "Haipiti hata kidogo."

"Ndiyo," alisema Ruthu. "Haipiti."

Wakaendelea kutembea, na nyuma yake Ruthu alimsikia Matonya akihema, kwa nguvu na kwa mpangilio, mpaka nyumbani.